"Ni Uzee Tu" Si Jibu la Daktari

Mzee akilalamika kwamba haoni vizuri, nyumbani huambiwa "ni uzee tu". Hukumu hiyo hutolewa bila vipimo na haikatiwi rufaa. Ubaya wake ni kuzitia kapu moja hali tatu zisizofanana.

Ya kwanza ni nyepesi. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, vitu vya karibu vikafifia. Fundi cherehani huita mtoto amtungie uzi. Bibi huchambua mchele, na mawe yaliyobaki hugunduliwa na meno ya wageni. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Mwaka 2024 watafiti waliripoti kuwa watu waliopewa miwani hiyo vijijini Bangladesh waliongeza kipato kwa takriban theluthi moja katika miezi 8. Si miradi mingi ya maendeleo inayoenea kwenye mfuko wa shati.

Ya pili ni mtoto wa jicho, anayeongoza duniani kwa kupofusha watu. Lenzi huingia ukungu, na usiku taa za magari humtawanyikia mgonjwa. Matone hayamwondoi, hata yakinadiwa kwa kipaza sauti ndani ya basi. Tiba ni upasuaji mfupi: lenzi iliyochakaa hutolewa, ya bandia huwekwa. Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa na daktari wa macho Harold Ridley jijini London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilitulia humo bila macho kuvikataa.

Ya tatu ndiyo inayoifanya hukumu ile kuwa ya hatari. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Mara nyingi haiumi. Huanza kula pembezoni, hivyo mtu husoma gazeti bila shida huku akigonga mlango kwa bega. Weusi huipata zaidi, tena mapema. Mtoto wa jicho aliyecheleweshwa kwa kawaida bado hutibika. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi, na tiba hulinda kilichobaki tu.

Kwa hiyo aliyevuka miaka 40, hasa mwenye kisukari au ndugu mwenye glakoma, asiridhike na kusomeshwa herufi ukutani. Aombe apimwe presha ya jicho na kuangaliwa mshipa ule. Mtihani wa herufi, mgonjwa wa glakoma huufaulu kwa miaka mingi.