Kijana na Dini Yake Nje ya Shule

Hapa shuleni kushika dini si kazi ngumu. Kengele hulia alfajiri, nasi sote huingia kanisani, mwenye imani na mwenye usingizi pamoja. Lakini sisi wa kidato cha sita tutaondoka mwisho wa mwaka huu, na huko twendako hakuna kengele. Napenda kuwaeleza njia moja iliyonisaidia.

Njia hii ilitoka Ubelgiji kwa padre Joseph Cardijn, aliyezaliwa mwaka 1882. Alipokuwa seminarini alirudi nyumbani likizoni, akakuta rafiki zake wa zamani wanafanya kazi viwandani, wameacha kanisa, tena wanamwona yeye kama mgeni. Jambo hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1925 alianzisha chama cha vijana Wakristo wafanya kazi, kikaenea katika nchi nyingi, na wanafunzi nao wakapata chama chao. Mwaka 1961 Papa Yohane wa 23 aliikubali njia hiyo katika barua yake Mater et Magistra.

Hatua zake ni tatu: kutazama, kuamua, na kutenda. Vijana wachache hukutana kila juma. Kwanza hutazama jambo moja la kweli katika maisha yao na kuuliza sababu zake. Pili husoma Injili na kulipima jambo lile kwa maneno ya Yesu. Tatu kila mmoja huchagua tendo dogo, na katika mkutano ujao huulizwa kama amelitenda.

Mimi nilijifunza maana yake kwa aibu. Likizo ya Krismasi nilikutana na rafiki yangu wa utotoni, ambaye sasa anafyatua matofali. Nilimkaripia kwa kuacha kusali na kwa kumaliza fedha zake katika kamari ya mpira. Akanijibu, "Wewe una baba wa kukulipia karo, ndiyo maana una nafasi ya kusali." Nikanyamaza.

Niliporudi shuleni nililipeleka jambo hilo kikundini. Wenzangu waliniuliza: Je, Jumapili anafanya kazi? Ana nguo ya kwendea kanisani? Nani humtembelea? Sikuweza kujibu hata swali moja. Nilikuwa nimeamua kabla ya kutazama. Kisha tukasoma habari za Zakayo, tukaona kwamba Yesu hakungoja Zakayo atengenee ndipo aende nyumbani kwake.

Basi likizo ya Mei nilikwenda tanurini, nikabeba matofali pamoja na rafiki yangu siku mbili bila kuhubiri. Siku ya pili jioni yeye mwenyewe aliniuliza misa ya Jumapili ni saa ngapi. Kamari hajaiacha bado, wala sisemi kwamba kazi imekwisha. Lakini Jumapili ile tulikaa benchi moja.

Hata mashahidi wetu wa Uganda, waliouawa miaka ya 1885 hadi 1887, hawakusimama kila mtu peke yake. Karoli Lwanga aliwafundisha na kuwatia moyo vijana wenzake. Kwa hiyo, ndugu zangu tunaoondoka, mara tufikapo mjini au kijijini tutafute wenzetu watatu au wanne, tupange siku ya kukutana, na tuulizane kila juma: umetenda nini?