Msaada wa walemavu si pesa za bure

Mama mmoja wa Kangemi huja kwenye kliniki yangu katikati ya jiji akiwa amembeba mgongoni mwanawe mwenye mtindio wa ubongo, ingawa kijana mwenyewe sasa ni mkubwa. Siku moja nilimwuliza kwa nini hufika alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa. “Daktari,” akanijibu, “natoka kabla majirani hawajaamka.” Tangu wajue kwamba anapokea pesa za serikali, husema amemgeuza mtoto kuwa mtaji.

Msomaji, hebu tupige hesabu ya mtaji huo. Mpango wa Inua Jamii huwapa watu wenye ulemavu mkubwa, wanaohitaji kutunzwa usiku na mchana, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 30 utapata shilingi 66 na senti kidogo. Humo mnatakiwa mtoke nepi, sabuni, dawa na nauli. Naye mama hawezi kwenda kufua nguo za watu Lavington wala kuuza mboga Kawangware, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Anayeona faida hapo aniambie iko wapi.

Ulemavu usioonekana

Wanaosutwa zaidi ni wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Aliyepatwa na kiharusi huenda akatembea vizuri lakini asiweze kukumbuka alichotumwa dukani. Mwenye kifafa huonekana mzima mpaka aanguke. Mwenye ugonjwa wa selimundu leo anatembea, kesho hawezi kuinuka kitandani kwa maumivu. Jirani akimwona barabarani husema, “Huyu anaigiza.”

Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita, mtu aliyeumia uti wa mgongo aliingia chumbani mwangu bila mkongojo, nikasitasita kumwandikia barua. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa amelala siku mbili na kumeza dawa za maumivu ili aweze kufika. Nilikuwa nimemwona katika siku yake nzuri kuliko zote.

Jambo jingine ni kwamba mtu hajitangazii ulemavu mwenyewe. Hupimwa na wataalamu katika hospitali ya serikali, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo makao yake yako Waiyaki Way, Westlands. Kitambulisho hicho peke yake hakileti pesa za kila mwezi. Wanaoingia Inua Jamii huchujwa tena.

Si sadaka

Mfanyakazi aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Aliyeumia kazini ana haki ya fidia chini ya sheria ya mwaka 2007, na aliyelemaa kabisa hukadiriwa mapato ya miezi 96. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka mwenye ulemavu aheshimiwe na asiitwe majina ya kumdunisha. Kwa hiyo kumwita mtoto wa mtu “mtaji” si utani.

Kwa nini daktari anajali maneno ya majirani? Kwa sababu aibu huumiza mwili. Anayejificha hakosi tu kujisajili. Hukosa pia mazoezi ya viungo, na viungo vikikaa bila kunyooshwa hukakamaa. Asiyegeuzwa kitandani huota vidonda. Mwenye kifafa anayekatiza dawa huanza kuanguka tena. Mtunzaji naye huvunjika moyo, hukosa usingizi na hamu ya chakula, na huacha kuongea na watu. Dalili hizo zikiendelea kwa wiki mbili, amwone daktari. Huo ni ugonjwa na unatibika.

Ikiwa una mlemavu nyumbani, mpeleke apimwe na kusajiliwa. Beba barua zote za hospitali, na umweleze daktari siku mbaya zilivyo, si ile nzuri tu. Usione haya kuomba unachostahili. Nawe jirani, badala ya kuuliza amepokea ngapi, mkalie mtoto kwa saa moja ili mama yake aende sokoni.

Tusisahau asubuhi ya Agosti 7, 1998. Bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa jijini, likaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Wengi walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama baada ya kusikia kishindo cha kwanza, na vioo vikawapofusha. Walikuwa wametoka nyumbani wazima, wakapanda matatu kama wewe ulivyopanda leo. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika.