Injini ya Boti ya Mtumba: Kagua Ufa wa Barafu Kabla Hujalipa

Vijana wanaofuga sato kwenye vizimba Ziwa Victoria wananipigia sana simu kwa swali hili: "Mtaalamu, nimepata injini ya boti ya mtumba, bei yake nzuri, niichukue?" Kabla sijauliza ni ya nguvu za farasi ngapi, mimi huuliza kwanza imetoka nchi gani na ilitunzwaje huko wakati wa baridi. Wengi hushangaa. Baridi ya Ulaya inaihusu nini boti ya kubebea chakula cha samaki huku Sengerema?

Inaihusu sana. Injini za mtumba tunazouziwa, nyingine zimetoka Japani na Ulaya. Hokkaido, kaskazini mwa Japani, usiku wa Januari baridi hushuka hata chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Mwenye boti kule anatakiwa amwage maji yote ya kupozea injini kabla ya majira hayo, au aweke kulanti ya kuzuia maji yasigande. Asipofanya hivyo, maji yanagandia ndani ya injini. Na maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Umewahi kusahau chupa ya maji iliyojaa kwenye friza? Chupa ilipasuka. Ndivyo chuma kinavyopasuka.

Barafu inapasua wapi?

Kwenye injini za ndani ya boti, hasa dizeli, angalia bloku, silinda hedi, bomba la kukusanyia moshi lenye njia ya maji, na kipozeo. Bloku nyingi zina vifuniko vidogo vya duara vya chuma vilivyogongelewa ubavuni. Barafu inaweza kuvisukuma nje. Fundi mwingine atakwambia vikitoka basi bloku imepona. Usimwamini moja kwa moja, maana bloku inaweza kupasuka navyo vikiwa mahali pake.

Injini za kupachika zina nafuu kidogo. Nyingi zikisimamishwa wima maji hutoka yenyewe. Shida inakuja iliyohifadhiwa ikiwa imelala au imeinuliwa, maji yakabaki ndani. Sehemu nyingine ni giaboksi ya chini, karibu na propela. Sili zikichakaa maji huingia kwenye oili, hutulia chini kwa sababu ni mazito kuliko oili, yakiganda yanapasua nyumba ya gia.

"Ngoja nikuwashie uisikie"

Hapa ndipo watu wanapigwa. Injini yenye ufa wa barafu inaweza kuwaka vizuri tu na kuunguruma kama mpya kwa dakika tano au kumi. Ufa haupigi kelele. Maji yanapenya polepole kwenye oili, oili inapoteza ulaini wake, beringi zinaanza kuliwa. Kwa hiyo ufa ambao pengine ungetengenezeka unageuka injini iliyokufa, kwa sababu tu mtu aliwahi kupiga staata.

Kuna kikundi cha vijana watatu ninachokihudumia, walinunua dizeli kwa namna hiyo. Muuzaji aliwasha, wakaridhika, wakalipa. Wiki ya pili oili ilikuwa kama chai ya maziwa, na siku moja injini ikashika ikiwa mbali na nchi kavu, boti imejaa chakula, upepo umeanza. Waliokolewa na wavuvi waliokuwa wakirudi. Tulipoifungua, ufa ulikuwa nyuma ya bomba la moshi, umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu. Pesa ilipotea, lakini kilichonikosesha usingizi ni wale vijana kukaa ziwani bila injini.

Kagua kwa mpangilio huu, injini ikiwa ya baridi

1. Itazame kwa tochi. Safisha mafuta na vumbi kwanza. Tafuta mstari wa kutu au chumvi nyeupe unaoshuka kwenye bloku, alama za kuchomelea, gundi ya chuma, na vifuniko vya duara vilivyochomoza. Rangi mpya sehemu moja tu, injini nzima ikiwa kuukuu, ni swali la kumuuliza muuzaji.

2. Chomoa kijiti cha oili. Oili ya rangi ya maziwa ina maji. Kiwango kilichopita alama ya juu nacho ni dalili. Lakini kuwa mwangalifu: povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili linaweza kuwa mvuke tu, na maji kwenye oili yanaweza kutokana na gasketi ya hedi au kipozeo cha oili. Dalili haijathibitisha ufa, imekwambia usiwashe mpaka ujue.

3. Legeza nati ya kumwagia oili. Injini iwe imetulia bila kuguswa usiku mzima. Weka kopo jeupe chini, legeza taratibu. Kama kuna maji, yatatangulia kutoka kabla ya oili. Kwa injini ya kupachika, fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya chini ya giaboksi.

4. Zungusha kwa mkono. Toa plagi, au nozeli kama ni dizeli, halafu zungusha krenki polepole. Maji yakiruka kwenye tundu, umeokoa konrodi. Maji hayabanwi kama hewa, ukipiga staata silinda ina maji, konrodi inapinda.

5. Pima presha ya njia ya maji. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi kwa injini ya ndani yenye mfumo wa maji uliofungwa. Fundi anajaza maji, anaunganisha pampu ya mkono yenye geji na kupandisha presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta. Subirini dakika 15 mpaka 20. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Kama nje ni pakavu, basi panavuja ndani, na hilo ni baya zaidi.

6. Pima kompresheni. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 mpaka 15, uliza kwa nini.

7. Sasa washa. Injini ya kupachika iwe kwenye pipa la maji yanayofunika pampu yake, kwa sababu ikiwashwa kavu impela ya mpira huungua haraka sana. Iache ipate joto kamili, kama nusu saa, kwa kuwa nyufa nyingine hufunguka chuma kikipata moto. Kesho yake asubuhi chomoa tena kijiti cha oili. Kipimo hiki cha pili watu wengi wanakiruka.

Ukikuta ufa, ufanyeje?

Ufa wa nje, unaoishia kwenye njia ya maji, mara nyingi hutengenezeka. Chuma cha kusubu kinahitaji fundi anayejua kukipasha joto kwanza na kutumia vijiti vya nikeli. Akikichomelea kama geti la nyumbani, kitapasuka pembeni ya weldi. Gundi ya chuma ni ya dharura, si ya kwendea ziwani kila siku.

Ufa ulioingia kwenye silinda au kwenye njia ya oili, hesabu bloku nyingine au injini nyingine. Kama maji yaliingia kwenye oili, ukishatengeneza, badilisha oili na filta, washa ipate joto, mwaga, rudia mpaka oili itoke safi.

Na bei? Ongeza gharama ya fundi na vipuri juu ya bei ya muuzaji, halafu linganisha na injini nzima. Bei ya kutupa mara nyingi inaisha hapo.

Walioko Njombe na Makete

Nanyi msidhani haiwahusu. Kitulo na maeneo ya jirani, Juni na Julai, umande unaganda majanini. Trekta yenye rejeta iwekewe kulanti. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi unastahimili baridi kali kuliko yoyote tunayoipata hapa nchini. Pawatila yenye tangi la maji ya wazi juu ya injini haifai kuwekewa kulanti, kwa sababu hupoa kwa maji kuchemka na kuruka. Hiyo fungua koki umwage maji jioni, ujaze asubuhi. Pampu ya umwagiliaji nayo mwaga maji yaliyobaki ndani.

Ushauri wangu kwa anayenunua: mwambie muuzaji mapema kwamba unakuja na fundi wako na geji, na kwamba injini isiwashwe kabla hamjafika. Ukikuta tayari ina moto, subiri ipoe. Anayekataa mambo hayo mawili, mshukuru, uondoke na pesa yako mfukoni. Na hata injini ikipita vipimo vyote, boti isitoke bila makasia na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo.