Fahamu: Je, dawa ya presha hukomesha jasho jingi?

Mchumaji wa chai Kericho au Bomet, aliyejifunga aproni ya plastiki na kubeba kikapu mgongoni, lazima atoke jasho. Mwili unajipoza. Kinachohitaji maelezo ni viganja vinavyolowa mtu akiwa ameketi tu, tena kwenye baridi ya milima hiyo.

Propranolol na atenolol ni dawa za presha za kundi la beta-bloka. Huzuia adrenalini isiusukume moyo, hivyo mapigo hupungua kasi na mikono hutulia. James Black wa Uskoti, aliyebuni propranolol, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Lakini tezi za jasho huamshwa hasa na kemikali nyingine, asetilikolini, ambayo dawa hizi haziigusi. Ndiyo maana humfaa zaidi anayetoka jasho kwa wasiwasi, au ambaye tezi yake ya thairoidi imezidisha kazi. Wapo ambao dawa hizi huwaongezea jasho.

Mwenye kisukari anayetumia insulini awe macho zaidi. Sukari ikishuka mno, beta-bloka huficha moyo kwenda mbio na kutetemeka, lakini jasho hubaki. Akilowa ghafla, apime sukari mara moja. Mwenye pumu asiguse propranolol, kwani inaweza kubana njia ya hewa. Na anayeitumia kwa presha au moyo asiiache ghafla bila daktari.

Jasho la usiku pamoja na kikohozi kisichoisha? Nenda kapimwe kifua kikuu.