Kabla hujafunga moduli ya PLC, uliza inaamrisha nini

Ukiingia kiwanda chochote pale Industrial Area, Ruaraka ama EPZ kule Athi River, tafuta lile kabati la chuma lenye alama ya radi mlangoni. Ndani yake, katikati ya msitu wa nyaya, utaona viboksi vyembamba vya plastiki vimepangwa kwenye reli kama vitabu kwenye rafu. Vina taa ndogo zinazowaka na kuzima. Hivyo ndivyo vinavyoambia mashine "nenda" ama "simama".

Wacha tuongee kuhusu viboksi hivyo, kwa sababu vijana wengi tunatumwa kuvifunga. Umepata kibarua, msimamizi anakupa boksi jipya na kukuambia: "Toa hiyo ya zamani, weka hii, tusimamishe kazi dakika kumi tu." Rahisi, si ndiyo? Kwani si ni volti 24 tu? Haitakurusha kama stima ya nyumbani ya 240.

Hapo ndipo shida huanzia. Volti 24 zenyewe hazina noma kwa ngozi kavu. Lakini ndizo zinazoamsha mota ya volti 415. Ndizo zinazofungua vali ya hewa inayosukuma chuma. Ndizo zinazoteremsha kisu cha kukata. Kiboksi usikiogope sana. Ogopa kile kinachoamrishwa na kiboksi.

Hiki ni kitu gani?

PLC ni kompyuta ya mashine. Tuseme uko kwenye kiwanda kidogo cha kujaza maji kwenye chupa. Chupa ikifika mahali pake, kuna sensa inayoiona. Si ile sensa ya kuhesabu watu. Hii ni jicho la mashine, kwa Kiswahili cha darasani tungesema kihisi. Kihisi kinatuma volti 24 kwa moduli ya kuingiza. PLC inasoma kwamba chupa ipo, halafu inaambia moduli ya kutoa ifungue vali ya maji. Zinaitwa moduli za dijitali kwa sababu zinajua maneno mawili tu: ipo ama haipo, washa ama zima.

Ndani ya moduli nyingi za kuingiza, ishara hupita kwa mwanga. Kitaa kidogo kinawaka upande mmoja, jicho linakiona upande wa pili, na hakuna waya unaounganisha pande hizo mbili. Hiyo ni kinga ya PLC dhidi ya stima chafu ya nje. Lakini kinga hiyo ina mpaka. Ukisukuma 240 kwenye tundu la 24, utaona moshi kabla hujasema pole.

Zima, funga, pima

Kabla ya bisibisi kugusa chochote, zima swichi kuu ya mashine, kisha weka kufuli yako mwenyewe. Si ya bosi, si ya shift. Yako, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Tundika karatasi yenye jina lako. Kiwandani kuna kelele na kila mtu ana haraka. Mtu akipata mashine imelala, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuiwasha. Kufuli ndiyo inamwambia kuna mtu ndani.

Halafu pima. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa usiiamini hapa, kwanza haiwezi hata kukuonyesha volti 24. Tumia mita. Pima mahali unapojua stima ipo ili uone mita ni nzima, pima pale unapotaka kugusa, kisha rudi pale pa kwanza upime tena. Mita iliyokufa huonyesha sufuri kila mahali, na sufuri ya uongo imezika watu.

Kuna mtego mwingine. Moduli za kutoa zenye relei zinaweza kuwa na stima inayotoka kwingine kabisa. Umezima swichi kuu, taa zote za PLC zimezima, lakini tundu namba sita lina 240 kutoka kabati la jirani linaloendesha pampu. Pima kila tundu, moja baada ya lingine. Kama kuna kifaa cha kudhibiti kasi ya mota kwenye kabati hilo, subiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo yake. Hicho huhifadhi stima tumboni hata baada ya kuzimwa. Hewa pia isisahaulike: kama mashine inatumia kompresa, funga hewa na uitoe yote, la sivyo kuna chuma kitasogea bila kukuuliza.

Soma lebo kama unavyosoma M-Pesa kabla ya kutuma

Boksi mbili zinaweza kufanana kama mapacha na ziwe tofauti kabisa. Moja ni ya volti 24, nyingine ni ya 240. Linganisha namba yote ya moduli mpaka herufi ya mwisho.

Halafu kuna mambo ya PNP na NPN, ambayo yamewachosha wengi. Kihisi cha aina hii huwa na nyaya tatu: kahawia ni chanya, samawati ni hasi, mweusi ni ishara. Kihisi cha PNP kikiona kitu hutoa volti 24 kwenye ule mweusi. Cha NPN huuvuta ule mweusi uende kwenye hasi. Mashine kutoka Ulaya mara nyingi huja na PNP. Kutoka Asia utapata NPN nyingi. Ukichanganya kihisi cha NPN na moduli inayotaka PNP, moduli haioni chochote, na utakaa hapo hadi jioni ukidhani kihisi kimeharibika.

Lakini kuna sababu ya usalama pia. Kwenye makabati mengi, upande wa hasi wa volti 24 huunganishwa na ardhi, yaani na mwili wa mashine. Sasa fikiria panya ametafuna waya mweusi hadi ukagusa chuma. Kama ni PNP, ishara inapotea ama fyuzi inaungua, na mashine inasimama. Kama ni NPN, ule mguso unafanana kabisa na kihisi kuona kitu. PLC inadhani chupa imefika, inawasha. Panya mmoja, mashine mbili tofauti, na matokeo tofauti kabisa.

Jambo lingine: moduli ya kawaida ya volti 24 huhesabu chini ya 5 kuwa "haipo" na juu ya 15 kuwa "ipo". Katikati ya hapo hakuna ahadi. Ndiyo maana waya uliolegea ama kifaa cha kutoa volti 24 kilichochoka huleta mashine inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana. Watu huanza kusema ina pepo. Haina pepo, ina volti 9.

Kufunga chenyewe

Kabla ya kushika moduli, gusa chuma cha kabati kilichounganishwa na ardhi. Mwili wako unaweza kubeba maelfu ya volti za kusugua nguo, zile zinazokufinya ukishuka kwa matatu, na hizo huua vipande vya ndani kimyakimya. Usichomoe moduli ikiwa na stima ila kama mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa. Piga picha ya nyaya zote kabla ya kufungua, na uandike namba kwenye kila waya.

Nyaya zenye nyuzi nyingi zivishe feruli, vile vibomba vidogo vya chuma vya kubana nchani. Usizichovye kwenye risasi ya kulehemu. Risasi hulainika taratibu chini ya skrubu, na baada ya miezi waya unalegea. Bila feruli, uzi mmoja tu unaochungulia nje unaweza kugusa tundu la jirani. Kaza, kisha vuta kila waya kidogo. Ukitoka, rudia.

Nyaya za volti 24 zisilale pamoja na nyaya za mota. Waya wa mota unapiga kelele za stima, na ule wa ishara una masikio. Zipitishe njia tofauti. Zikilazimika kukutana, zivuke kama njia panda, si kwa kutembea bega kwa bega.

Upande wa kutoa hauna huruma

Tundu moja la kutoa lenye transista mara nyingi hubeba nusu ampea tu. Kwa volti 24 hiyo ni wati 12. Vali ya wati 10 itaingia, ya wati 20 itachoma. Na usiangalie tundu moja tu: moduli yenye matundu manane inaweza kukataa yote manane yakibeba mzigo kamili kwa wakati mmoja. Lebo itakuambia kikomo cha kundi. Mzigo ukiwa mkubwa, weka relei katikati. Relei ikiungua ni ya pesa kidogo; moduli ikiungua utaulizwa maswali mengi.

Koili ya relei, kontakta ama vali ina tabia mbaya. Ukiizima, hurudisha teke la volti nyingi kuliko ulizoipa. Kwa koili ya stima ya DC, weka dayodi sambamba nayo, upande wenye mstari ukielekea chanya. Ukiigeuza, umetengeneza shoti. Relei nyingi za kisasa huja na dayodi ndani, kwa hivyo angalia kwanza ni tundu gani la koili linalotaka chanya.

Kitufe chekundu hakiombi ruhusa

Ukisahau mengine yote, shika hili. Kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura hakifai kutegemea moduli ya kawaida ya kuingiza pamoja na programu peke yake. Kwa nini? Kwa sababu moduli hufa. Transista ya kutoa ikichomeka, mara nyingi hukwama ikiwa imewaka. Relei nayo inaweza kuungana meno isiachane. PLC inasema "zima", taa inazima, lakini mota inaendelea kuzunguka, na mkono wa mtu uko ndani.

Kitufe cha dharura kinatakiwa kukata stima ya mota moja kwa moja kwa nyaya, kupitia relei ya usalama na kontakta mbili zilizofuatana, ili moja ikikwama nyingine ikate. PLC inapewa taarifa tu kwamba kimebonyezwa. Na kitufe chenyewe kiwe cha aina inayopitisha stima wakati wote hadi kibonyezwe. Hivyo waya ukikatika, mashine inasimama. Ukitumia aina ile nyingine, waya unaweza kukatika leo na mtu asijue hadi siku atakayobonyeza akipiga mayowe na hakuna kitu kinachotendeka.

Kisha fikiria stima kurudi. Unakumbuka Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipoingia giza? Mashine iliyofungwa vizuri, stima ikirudi, hukaa kimya ikingoja mtu abonyeze kitufe cha kuanza. Iliyofungwa vibaya huendelea pale ilipoachia, huku mtu ameingiza mkono kutoa chupa iliyokwama. Hata kukiachilia kitufe cha dharura kusiiwashe. Kuachilia ni ruhusa tu. Kuwasha ni amri nyingine.

Ukiwasha mara ya kwanza, washa volti 24 peke yake huku stima ya mota na hewa zikiwa zimefungwa. Funika kila kihisi kwa mkono, uone taa yake ya moduli. Washa kila tundu la kutoa, uone ni relei gani inalia. Kama uliloandika kuwa "vali" linaamsha mkanda, ni afadhali ujue sasa. Mwisho bonyeza kile chekundu, na upime kwa mita kwamba stima imekatika kweli.

"Fanya haraka" si sheria

Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo sitakuambia karatasi ndiyo kila kitu. Lakini kazi ya stima ina leseni, na EPRA ndiyo huitoa. NITA nayo hupima ufundi wa watu waliojifunzia kazini, kwa hivyo kutomaliza chuo si mwisho wa safari. Kama huna leseni, fanya kazi chini ya aliye nayo na uulize maswali hadi akuchoke.

Na jua haki yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa kwa msimamizi, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha mahali hapo kabla hajaiondoa. Najua kusema "hapana" ni rahisi kwenye skrini kuliko mbele ya bosi wakati rent inakungoja. Basi usiseme hapana. Sema: "Nipe dakika thelathini, niweke kufuli na nipime, halafu nimalize." Bosi mwenye akili anajua hesabu: nusu saa ya kusimama ni hasara ndogo, mkono wa mtu hauuzwi River Road.

Kesho ukikabidhiwa hicho kiboksi, usiulize kwanza kinaingia wapi. Uliza kikiwaka kwa bahati mbaya, nani atakuwa amesimama karibu.