Je, Wajua? Divai Kuukuu ya Ufaransa

JE, WAJUA kwamba neno «divai» asili yake ni Kifaransa, du vin, na «mvinyo» tuliupata kwa Wareno?

JE, WAJUA kwamba divai nyingi haziwi tamu zaidi kwa kuwekwa? Beaujolais Nouveau hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache baada ya mavuno, na hufaa kunywewa mapema. Bordeaux bora za 1945 na 1961, kwa upande wake, zimedumu miongo mingi.

JE, WAJUA siri ya kudumu huko? Ni tanini, itokayo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Ndiyo inayoacha ukakasi kinywani kama umetafuna bibo bichi. Miaka ikipita, tanini hushikana, huwa nzito na kutuama chini pamoja na rangi. Hayo ndiyo mashapo. Kwa hiyo chupa kuukuu husimamishwa siku nzima, kisha humiminwa taratibu mbele ya mshumaa. Mashapo yakionekana shingoni, mkono husimama.

JE, WAJUA kwamba chupa yenyewe hutoa habari kabla ya kufunguliwa? Divai ikiwa imeshuka chini ya mabega ya chupa, huenda kizibo kimechoka na hewa imeshaingia.

JE, WAJUA kwamba umri huonekana kwa macho? Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingoni. Divai changa ina uzambarau. Iliyokomaa ina rangi ya tofali. Iliyopitwa na wakati ni hudhurungi, kama chai ya rangi iliyolala.

JE, WAJUA kwamba divai nyekundu hupauka ikizeeka, ilhali nyeupe hukolea?

JE, WAJUA kinachotangulia kupotea? Ladha ya matunda. Ikishakwenda hubaki uchachu mtupu, na harufu ya majani makavu na uyoga. Hewa ikizidi kuila, hunuka kama tufaha lililokatwa likaachwa wazi, na mwisho siki. Wafaransa huiita siki vinaigre, yaani divai chachu.

JE, WAJUA kwamba Louis Pasteur aliombwa na Mfalme Napoleon III mwaka 1863 achunguze kwa nini divai huharibika? Kitabu chake cha 1866 kilionyesha kazi ya vijidudu, na jinsi oksijeni inavyoizeesha divai.

JE, WAJUA kwamba harufu ya karatasi iliyoloa si uzee? Hiyo ni kasoro ya kizibo, nayo huipata hata divai ya juzi.

JE, WAJUA kwamba divai kongwe sana ikifunguliwa huweza kunukia vizuri dakika chache tu, kisha ikafifia ndani ya glasi? Basi usiiache ipumue kama changa. Mimina kidogo, nusa, onja papo hapo. Tama la kwanza huenda ndilo zuri kuliko yote yatakayofuata.