Kulala nchi kavu katika safari ya meli ya mto Danube

Kulala nchi kavu ni pale abiria wa meli ya mtoni anapoiacha meli jioni, akalala hotelini au kwa jamaa zake, kisha akairudia siku ya pili, ama kwenye gati lilelile ama kwenye bandari inayofuata. Abiria amelipia chumba, wala hakuna kinachomlazimu kukilalia kila usiku. Kwenye mto Danube, hasa kipande cha kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Budapest nchini Hungary, jambo hili ni jepesi kuliko abiria wengi wanavyodhani, kwa sababu reli inakwenda na mto karibu mwendo wote, tena inaushinda kwa kasi.

Kilomita za Danube huhesabiwa kuanzia Sulina, mto unakomwaga maji Bahari Nyeusi, kwenda juu. Vienna ipo karibu na kilomita 1,929, Bratislava 1,869 na Budapest 1,647. Kutoka Vienna hadi Budapest, basi, ni kilomita 280 hivi za maji, na meli huzimaliza kwa usiku kucha na pengine sehemu ya mchana, maana njiani kuna malango ya kushushia meli. Pale Gabčíkovo, Slovakia, meli huingia kwenye boma la zege, lango likafungwa nyuma yake, maji yakapunguzwa taratibu mpaka ikashuka takriban mita 20. Ikikuta nyingine zimetangulia, husubiri zamu. Treni kati ya Vienna na Budapest hutumia chini ya saa tatu. Vienna hadi Bratislava ni kama saa moja, na Linz hadi Vienna ni saa moja na robo. Aliyelala Vienna akanywa chai bila haraka anaweza kufika Budapest kabla ya meli yake.

Usiku wa nchi kavu uko wa namna mbili. Wa kwanza ni ule ambao meli yenyewe inalala bandarini, jambo la kawaida Vienna na Budapest. Huo hauna mashaka: mtu anakwenda kwa jamaa zake, wanakula, wanazungumza hadi usiku wa manane, na asubuhi anaikuta meli palepale. Kwa Waswahili waliotapakaa Ulaya, huu peke yake unatosha kuihalalisha safari, kwani ndugu waliotenganishwa na mipaka ya nchi hupata usiku mzima wa kukaa pamoja badala ya saa mbili za mkahawani.

Wa pili ni ule ambao meli inang'oa nanga na abiria anabaki. Huu ndio unaotaka hesabu, na ndio wenye utamu zaidi. Mahali panapoufaa kuliko pote ni bonde la Wachau nchini Austria, kati ya Melk na Krems, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Meli nyingi hufika Dürnstein au Krems mchana na kuondoka siku hiyohiyo kuelekea Vienna. Dürnstein ni kijiji kidogo chenye mnara wa kanisa wa rangi ya buluu na, juu mlimani, magofu ya ngome alimofungwa Richard, mfalme wa Uingereza, mwaka 1192 alipokuwa akirudi kutoka vita vya msalaba. Mchana barabara yake moja hujaa wageni wa meli, na wengi hawaoni zaidi ya maduka ya sabuni na jamu za aprikoti. Jioni meli zikiondoka, kijiji kinarudi kwa wenyewe. Wakulima wa zabibu hufungua nyumba zao kwa zamu na kuuza mvinyo wao pamoja na chakula baridi. Nyumba yenye zamu hujulikana kwa kitawi cha majani kilichotundikwa nje. Njia ya kupanda ngomeni, ambayo mchana ni foleni, asubuhi na mapema haina mtu. Hayo meli haiwezi kumpa abiria, hata iwe ya kifahari namna gani.

Kurudi kutoka huko hakuna ugumu. Mtu huchukua basi hadi Krems, umbali usiofika kilomita kumi, kisha treni ya Vienna inayokwenda kama saa moja. Anashuka Spittelau, anapanda treni ya mjini ya U4 hadi Schwedenplatz, halafu U1 hadi Vorgartenstraße, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi magati ya Reichsbrücke. Lakini ahakikishe kwanza kwamba meli yake inafunga hapo, kwa kuwa baadhi hufunga Nussdorf, kaskazini mwa jiji. Jina la gati liandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka melini. Ratiba iliyochapishwa hutaja mji tu. Budapest nako magati yamepangana kando ya mto upande wa Pest, na mara nyingi meli hufungwa ubavu kwa ubavu, hivyo abiria huvuka meli ya watu wengine ili aifikie yake. Asiye na kadi ya meli mkononi huzuiwa mlangoni.

Kadi hiyo ndiyo inayowaambia wahudumu nani yuko ndani na nani yuko nje. Kabla meli haijaondoka huhesabu, na akikosekana mmoja hupiga simu, humtafuta, na safari ya wote inachelewa. Kwa hiyo abiria anayekusudia kulala nje humwarifu msimamizi wa safari mapema, angalau siku moja kabla, kwa maandishi: atalala wapi, atarudi katika bandari ipi na saa ngapi, na namba ya simu inayopatikana. Kuondoka kimyakimya ni kuwasumbua watu wasio na kosa. Chakula na usiku usiotumika havirudishiwi fedha.

Jambo la karatasi linawahusu zaidi wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na majirani zao. Meli nyingi huweka pasipoti za abiria mapokezi. Anayelala nje aichukue yake, pamoja na kibali cha ukaazi kama anacho, wala asitegemee nakala. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary zote zimo katika eneo la Schengen, lisilo na ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka yake ya ndani, lakini ukaguzi wa polisi ndani ya treni za kuingia Ujerumani umekuwa jambo la kawaida, na hoteli za Hungary hutakiwa kisheria kuskani hati ya kila mgeni. Kuelekea Serbia, iliyo nje ya eneo hilo, ni habari nyingine. Hapo meli hukaguliwa mpakani, Mohács, kwa orodha ya abiria, na asiyekuwemo huwaletea wenzake maswali. Kusini ya Budapest afadhali mtu alale melini.

Mwisho kuna mto wenyewe. Maji yakipanda sana meli hazipiti chini ya madaraja, yakipungua hukwama. Septemba 2024 mafuriko yalisimamisha meli katika Danube ya Austria. Mvua kubwa ikitangazwa, mpango wa kulala nje uahirishwe. Hata hali ya hewa ikiwa nzuri, tikiti inunuliwe ya treni ambayo nyuma yake kuna nyingine mbili kabla ya saa ya meli kuondoka, na dawa, chaja na fedha viwe kwenye begi la mkononi, pamoja na forinti kidogo kwa anayekwenda Hungary, ambako euro si fedha ya nchi. Akiikosa meli, haitamngoja: atapanda treni hadi bandari inayofuata kwa gharama yake, na namba ya msimamizi aliyoiweka kwenye simu ndiyo itakayomwambia ni gati lipi.